Turbo, esansi na alkooli: mambo ya kujua kabla ya kubadilisha mafuta ya gari Masisi na Walikale

Gari linalotoka Goma asubuhi, likapita Sake, likapanda milima ya Masisi, na siku barabara ikikubali likateremka mpaka msitu wa Walikale, linabadilisha hewa njiani. Mara nyingi linabadilisha na mafuta pia. Goma limejaza kwenye pompe. Masisi-centre limeongeza bidoni moja ya kadhafi. Mbele zaidi, kule litri inauzwa bei kupita ile ya Goma, dereva anachukua anachokuta. Moteri ndiyo inaumia kwanza, mwenye gari analipa nyuma yake.

Kila mara barabara inapofungwa na bei ya esansi inapanda, maulizo ni yale yale katika magaraji na kwenye parking za wamotari. Esansi ya namba kubwa inaongeza nguvu? Alkooli inaweza kuchukua nafasi ya esansi? Na kanyanga je, si ni alkooli pia? Gari la turbo linaweza kupangwa upya ili likubali mafuta yote?

Ni kweli kwamba kuna magari ya turbo yanayotembea na alkooli na kupata nguvu kupita ya esansi. Video zake zimejaa kwenye intaneti. Ila gari la namna hiyo limebadilishwa vyuma, pompa na kompyuta, na mwenye gari anajua kila siku ni mafuta gani anatia. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi hapa kwetu.

Oktani ni nini?

Watu wengi wanafikiri oktani ni nguvu ya esansi. Sivyo. Oktani ni uvumilivu wake.

Ndani ya silinda, pistoni inabana hewa iliyochanganyika na esansi. Kwa wakati uliopangwa, buji inatoa cheche, moto unaanza pale na kusambaa taratibu, unasukuma pistoni chini. Esansi isiyo na uvumilivu haingojei. Ikibanwa na kupata joto, sehemu yake inalipuka yenyewe kabla ya moto wa buji kufika. Hapo moteri inagonga. Fundi anasikia sauti kama changarawe inayotikiswa ndani ya kopo, zaidi gari linapopanda mlima likiwa na mzigo. Moteri ikigonga muda mrefu, pistoni inatoboka, gasketi ya kulasi inaungua, na gari linalala.

Namba ya oktani inapatikana kwa kulinganisha. Kuna kimiminiko kinachoitwa iso-oktani, kilichopewa 100, na kingine kinachoitwa heptani, kilichopewa 0. Esansi ya 91 ni ile inayovumilia kubanwa sawa na mchanganyiko wa sehemu 91 za iso-oktani na 9 za heptani. Basi esansi ya 98 haina moto mkali kupita ya 91. Inavumilia tu zaidi.

Kwa hiyo pikipiki ya kawaida, TVS au Boxer, iliyotengenezwa kwa esansi ya 91, haipati faida ikitiwa ya 98. Ni kutupa franga. Lakini moteri inayodai 98 ikitiwa esansi ya chini inapata shida kweli. Ikiwa na kompyuta na kisikilizio cha kugonga, inachelewesha cheche ili kujilinda: nguvu inapungua, mafuta yanaisha haraka, joto linakimbilia kwenye egzosti. Ikiwa haina ulinzi huo, inajiua polepole.

Jambo moja kwa wanaofuata video za Marekani: namba zao zinapimwa kwa njia nyingine. Esansi wanayoita 87 ni karibu sawa na 91 ya kwetu. Mtu asiseme kwamba kama wao wanatia 87, naye anaweza kutia chochote.

Turbo inafanya kazi gani?

Turbo ilibuniwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye moteri unazungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mti mmoja na gurudumu lingine linalovuta hewa safi na kuisukuma ndani ya moteri. Yanazunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika moja. Hewa ikiwa nyingi, esansi inaweza kuongezwa, na moteri ndogo inapata nguvu ya moteri kubwa.

Lakini hewa ikisukumwa inapata joto, kama vile pompa ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Ndiyo maana magari mengi ya turbo yana radiatere ya pili, ya kupoza hewa kabla haijaingia. Hata hivyo, ndani ya silinda mnakuwa mbano mkubwa na joto kubwa kuliko moteri isiyo na turbo, na hivyo viwili ndivyo vinaifanya esansi igonge. Kwa hiyo turbo ya esansi inadai oktani kubwa.

Mfano ni magari ya mitumba ya Japani, kama Subaru Forester ya turbo. Kule Japani kuna esansi ya kawaida na ile ya juu, na sheria yao inataka ile ya juu isipungue 96. Gari la turbo lilipangwa kiwandani kwa ile ya juu. Likifika Goma, kompyuta yake bado inafikiri iko Tokyo.

Mlima na bonde

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya magari vya Ulaya havilisemi sana, lakini mkaaji wa Masisi analiishi kila siku. Hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwenye usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni karibu bar 1. Goma, kwenye mita karibu 1,500, ni kama bar 0.85. Kwenye mita 2,000, kama ilivyo katika vilima vingi vya Masisi, ni kama bar 0.8. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 inazopanda. Kule juu imeacha chini karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake.

Lakini hewa ikiwa nyepesi, mbano ndani ya silinda unapungua, na kugonga kunapungua pia. Esansi mbaya inajificha mlimani. Ndiyo sababu katika majimbo ya milima ya Marekani wanauza esansi ya namba ndogo kupita ile ya pwani.

Dereva akiteremka sasa kuelekea Walikale, mambo yanageuka. Walikale-centre iko chini ya mita 1,000. Hewa ni nzito na ina joto. Esansi ile ile iliyonyamaza Masisi inaweza kuanza kugonga Walikale, na dereva anadhani kadhafi wa mwisho ndiye aliyemwibia. Pengine ndiye, pengine siye.

Na turbo? Inarudisha hewa ambayo mlima umeiondoa. Ndiyo sababu inapendwa kwenye milima. Lakini kwa sababu hiyo hiyo inauondoa ule msaada wa hewa nyepesi. Moteri ya turbo inadai esansi nzuri hata juu mlimani. Na ili kujaza ile hewa iliyokosekana, gurudumu lake linazunguka kwa bidii zaidi kuliko lingezunguka pwani. Fundi akiongeza mgandamizo wa turbo Masisi bila kufikiri, anaondoa akiba ndogo iliyobaki.

Alkooli ina uzuri gani?

Alkooli inayosemwa hapa ni etanoli, ile inayotokana na muwa, mihogo, mahindi au ndizi. Oktani yake ni karibu 108, kupita esansi zote za pompe. Kiisha, inapogeuka mvuke inavuta joto zaidi ya mara mbili ya esansi, hivyo inapoza hewa inayoingia. Kwa moteri ya turbo hizo ni zawadi mbili: mafuta yanayovumilia mbano na yanayopoza. Mafundi wa magari ya mbio wanaipenda kwa sababu hizo.

Lakini kuna gharama. Litri moja ya alkooli ina karibu theluthi mbili tu ya nishati ya litri moja ya esansi. Kilo moja ya esansi inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri, wakati kilo moja ya alkooli inahitaji kilo 9 tu. Maana yake, kwa hewa ile ile, moteri inapaswa kupewa alkooli nyingi zaidi, karibu litri moja na nusu pale ilipokuwa litri moja ya esansi. Mchanganyiko wenye alkooli asilimia 85 unadai karibu theluthi moja zaidi ya mafuta.

Mtu akimwaga alkooli ndani ya gari bila kuongeza kipimo hicho, moteri inapata mafuta machache kuliko hewa. Wengine wanasema gari "limekauka". Kwenye pikipiki itakosa nguvu na kuzimika ovyo. Kwenye turbo inayosukuma kwa nguvu, ukavu huo unaleta joto linaloweza kuyeyusha pistoni na kuunguza valvu.

Nchi zilizojaribu

Brazili ndiyo mwalimu wa mambo haya. Baada ya bei ya petroli kupanda duniani, serikali yake ilianzisha mpango wa alkooli ya muwa mwaka 1975. Mwaka 1979 ikatoka Fiat 147 inayotumia alkooli peke yake. Mwaka 2003 Volkswagen ikaleta Gol inayokubali esansi, alkooli au mchanganyiko wowote. Wenye magari wa Brazili wana hesabu rahisi: alkooli ina faida kama bei yake haipiti asilimia 70 ya bei ya esansi. Tuseme esansi ni franga 3,000 kwa litri. Basi alkooli ikipita 2,100, ni hasara, hata ikionekana rahisi kwenye chupa.

Karibu na sisi kuna Malawi, nchi isiyo na bahari, ambayo esansi yake inasafiri njia ndefu kama yetu. Tangu mwaka 1982 inachanganya esansi na alkooli inayotoka kwenye mabaki ya sukari, kuanzia kiwanda cha Dwangwa kando ya Ziwa Malawi. Kenya nayo ilianza mwaka 1983 na alkooli ya Muhoroni, karibu na Kisumu, kwa kiasi cha asilimia 10. Ilisimama miaka kumi baadaye, faida ilipokosekana.

Nchi hizo tatu zina jambo moja la kufanana. Alkooli ilitoka kiwandani, ikiwa imepimwa, na kila pompe iliuza mchanganyiko uliojulikana. Hakuna iliyoacha kila dereva achanganye mwenyewe barabarani.

Kanyanga si mafuta ya gari

Hapa ndipo wengi wanakosea. Kanyanga inaungua ukiiwasha, kwa hiyo mtu anafikiri moteri itaikubali. Lakini kanyanga ya kawaida karibu nusu yake ni maji, au hata zaidi. Ukiichemsha tena na tena kwa mtungi na mrija, hutapita asilimia karibu 96. Hapo maji na alkooli vinapanda pamoja kwenye mvuke na kuchemsha hakuvitenganishi tena. Kuondoa maji yaliyobaki kunahitaji vifaa vya kiwanda.

Maji hayo machache yana maana kubwa. Esansi iliyochanganywa na alkooli asilimia 10 inaweza kubeba maji karibu nusu ya asilimia moja tu. Kwenye bidoni ya litri 20, hiyo ni kama desilita moja, nusu ya glasi. Yakipita hapo, mchanganyiko unaachana: maji na alkooli vinazama chini, esansi inabaki juu. Pompa inavuta kutoka chini. Moteri inapokea maji, na esansi iliyobaki juu imepoteza ile oktani iliyotegemewa kwa alkooli. Katika nchi ya mvua kama Walikale, ambako bidoni zinasafiri juu ya pikipiki na kufunikwa na kipande cha plastiki, glasi nusu ya maji inaingia bila mtu kujua.

Kuna pia hesabu ya chakula. Kupata litri moja ya alkooli ya 95 kutoka kanyanga ya 45 kunahitaji zaidi ya litri mbili za kanyanga, pamoja na kuni za kuichemsha upya. Ndizi na mihogo hiyo ingekula familia.

Fundi anapanga nini?

Kama kweli mtu ana gari la turbo la esansi na ana alkooli safi ya kiwandani, kazi haianzi kwa kuongeza nguvu. Inaanza kwa mafuta kufika vizuri.

Kwanza, njia ya mafuta. Alkooli inakula mipira ya kawaida, inatia kutu baadhi ya vyuma na kuharibu aluminiumu isiyolindwa. Mipira ya pompa, mirija na vioringi vinabadilishwa kwa vile vinavyoivumilia. Inasafisha pia uchafu wa zamani ndani ya tanki na kuupeleka mbele, kwa hiyo filtri ya kwanza inaziba haraka. Fundi anaweka ya akiba.

Pili, kiasi. Pompa na injekteri lazima ziweze kutoa yale mafuta ya ziada. Injekteri iliyokuwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote na esansi haiwezi kulisha alkooli. Kwenye kabiratere, jikleri inapaswa kuwa na tundu kubwa zaidi.

Tatu, kipimo. Fundi anaweka kwenye egzosti kifaa kinachosoma kama moteri ina mafuta mengi au machache, na anasikiliza kugonga kwa kifaa, si kwa sikio peke yake. Bila vifaa hivyo, kupanga turbo ni kubahatisha.

Nne, kompyuta. Anaongeza mafuta kwanza, huku turbo ikiwa chini. Kiisha anasogeza cheche mbele kidogo kidogo. Mgandamizo wa turbo unaongezwa mwisho, na anasimama kabla ya kufika kikomo. Magari yanayokubali mchanganyiko wowote yanakuwa na sensa inayosoma alkooli ni asilimia ngapi na kuipa kompyuta habari. Ila sensa hiyo imetengenezwa kwa esansi na alkooli. Haitamwokoa mtu aliyetia petroli ya taa.

Tano, baridi. Esansi inatoa mvuke hata kwenye baridi kali. Alkooli safi inaanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka kwenye nyuzi karibu 13. Asubuhi ya baridi kwenye vilima vya Masisi, moteri ya alkooli tupu inaweza kukataa kuamka. Magari ya kwanza ya alkooli ya Brazili yalikuwa na tanki dogo la esansi kwa ajili ya kuwasha tu.

Mazutu ni habari nyingine

Turbo nyingi zinazopita Masisi haziko kwenye magari ya esansi. Ziko kwenye malori ya Fuso na jeep za mazutu. Kwa hizo, yote yaliyosemwa juu ya oktani hayafai. Moteri ya mazutu haina buji ya cheche. Inataka mafuta yanayojiwasha haraka yakibanwa, na kipimo chake kinaitwa setani. Mafuta yenye oktani kubwa yana setani ndogo. Alkooli basi ni mbaya kabisa kwa mazutu: haitaki kujiwasha, na haipaki mafuta vyuma vya pompa ya injeksio, ambavyo vinategemea mazutu ili visisagane. Hata esansi kidogo ndani ya mazutu inafanya hivyo hivyo. Pompa ya injeksio ikisagika, bei yake inaweza kuwa miezi mingi ya kazi ya lori.

Kampuni ya Scania ya Uswidi ilitengeneza basi zinazotumia alkooli katika moteri ya aina ya mazutu, lakini ilibidi kuongeza mbano wa moteri na kutia dawa maalumu ya kusaidia kuwaka. Si jambo la bidoni.

Na kuna historia inayogusa Kongo moja kwa moja. Mwaka 1937, profesa Chavanne wa Chuo Kikuu cha Bruxelles alipata hati ya uvumbuzi kwa njia ya kugeuza mafuta ya mawese kuwa mafuta ya moteri za mazutu, kwa kuyachanganya na alkooli kwa kemia. Mwaka 1938 basi moja lilitembea kati ya Bruxelles na Louvain kwa mafuta hayo. Wabelgiji walikuwa wanafikiria mawese ya Kongo. Hata wao hawakutia mawese tupu ndani ya tanki. Waliyageuza kwanza, kwa sababu mawese ghafi yanaganda na kuacha uchafu kwenye injekteri. Mkaaji wa Walikale anayeona mawese yakiwa mengi na mazutu ikikosa akumbuke hilo.

Kupima esansi kwa chupa

Oktani haipimiki bila maabara. Lakini udanganyifu wa kawaida unaweza kuonekana.

Kwa maji na alkooli: chukua chupa ya plastiki inayoonekana ndani, iliyonyooka. Mimina maji safi kifuniko kimoja, chora mstari pale yanapofika. Ongeza kifuniko cha pili, chora mstari tena, kiisha mwaga yote. Sasa tia kifuniko kimoja cha maji na vifuniko tisa vya esansi. Funga, tikisa, fungua kidogo ili mvuke utoke, na iache itulie dakika kumi. Maji yakibaki kwenye mstari wa kwanza, hakuna alkooli. Yakipanda mpaka wa pili, karibu sehemu moja ya kumi ya ile esansi ni alkooli. Yakipanda kidogo tu, alkooli ni kidogo.

Kwa maji peke yake: iache esansi ya bidoni itulie ndani ya chupa bila kutia kitu. Matone ya maji yataonekana chini.

Kwa petroli ya taa: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Esansi safi inakauka na kuacha alama ndogo sana. Ikiacha doa la mafuta linalokaa, kuna kitu kizito ndani. Petroli ya taa inashusha oktani sana, na kwa gari la turbo ndiyo adui kupita alkooli.

Majaribio haya yafanywe nje, mbali na makaa, sigara na simu inayochajiwa. Esansi iliyotumika isimwagwe kwenye mto.

Moto na sumu

Alkooli safi inaungua kwa moto wa bluu hafifu, ambao mchana juani unaweza usionekane. Mtu anasikia joto kabla ya kuona. Tena, mvuke wa esansi unatambaa chini na kutafuta jiko la jirani. Wakaaji wa Kivu hawahitaji kufundishwa mbali: tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka, na watu zaidi ya 230 walikufa. Wamoja walikuwa wamekaribia kuchota. Wengine walikuwa ndani ya nyumba za video wakitazama Kombe la Dunia. Kuchanganya mafuta ndani ya nyumba ya kulala, karibu na watoto, ni kuleta Sange ndogo nyumbani.

Alkooli ya moteri isinywewe hata tone. Viwandani inatiwa vitu vya kuizuia isinywewe, na mara nyingine ndani yake kuna metanoli, inayopofusha macho na kuua. Mwaka 2010, huko Kabale nchini Uganda, pombe iliyokuwa na metanoli iliua watu wengi katika wiki chache. Bidoni iliyobeba mafuta isirudi tena kubeba kinywaji.

Kwa leo, gari lipangwe namna gani?

Fundi mzuri anapanga gari kwa mafuta yanayojulikana. Barabara ya Sake, Masisi na Nyabiondo, au ile ya Bukavu kupitia Hombo mpaka Walikale, haimhakikishii mtu mafuta ya kesho. Kwa hiyo gari la turbo linalofanya kazi huku halipangwi kwa esansi bora iliyopatikana Goma siku moja. Linapangwa kwa esansi mbaya zaidi litakayokuta njiani: turbo ikae kwenye kipimo cha kiwanda au chini yake, cheche isisogezwe mbele, buji ziwe za baridi zinavyotakiwa, filtri ibadilishwe mara nyingi, na chujio la kutenga maji liwekwe kabla ya pompa.

Dereva akisikia kugonga mlimani, asilazimishe. Aachilie gesi, arudishe gia chini, apande polepole. Akifika, apime esansi kwa chupa kabla ya kumlaumu fundi. Na mtu akimwambia kwamba kanyanga inaweza kuchukua nafasi ya esansi, amuulize kwanza: maji yaliyomo umeyapeleka wapi?